Kununua Gari Kutoka kwa Mtu Usiyemwamini Sana Nairobi: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanamhusu mtu anayenunua gari lililotumika moja kwa moja kutoka kwa mwenyewe, au kwa anayejiita mwenyewe, bila kupitia duka la magari. Mtindo huu ni wa kawaida Nairobi: tangazo mtandaoni, karatasi iliyobandikwa kwenye kioo cha gari mtaani, au uwanja wa Jamhuri siku ya Jumapili.

Nina shaka na muuzaji, lakini gari nimelipenda. Je, niachane nalo?

Inategemea shaka yenyewe inahusu nini. Shaka juu ya hali ya gari, kwa mfano gia zinazosita au rangi iliyopakwa upya, inaweza kutafutiwa bei: fundi anakadiria gharama, unaipunguza kwenye bei ya kuuzia, mnapatana au hampatani. Shaka juu ya umiliki haina bei. Gari ambalo anayekuuzia hana haki ya kuliuza halitakufaa hata ukipewa kwa nusu bei, kwa sababu chini ya Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa, Sura ya 31, kwa kawaida mtu hawezi kukupa haki ambayo yeye mwenyewe hana, na mwenye gari la wizi anaweza kulidai mikononi mwako hata kama ulilipa kwa nia njema. Wanunuzi wengi hukosea hapa: wanapoona umiliki una utata, wanaomba wapunguziwe bei, na tapeli hupunguza kwa furaha.

Nianze na nini kabla hata ya kwenda kuliona gari?

Omba nambari ya usajili na picha ya logibuku, yaani hati ya usajili wa gari, kisha utafute rekodi ya gari hilo katika mfumo wa Mamlaka ya Kitaifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, NTSA, kupitia akaunti yako ya eCitizen, lango la huduma za serikali mtandaoni. Ada yake haikaribii hata gharama ya kubadilisha oili. Utapata jina la mmiliki aliyesajiliwa, nambari ya chasisi na ya injini, aina ya bodi, mwaka wa kuundwa na kama kuna zuio lolote lililowekwa juu ya gari. Fanya utafutaji huo wewe mwenyewe, kwa simu yako. Nakala ambayo muuzaji amekutumia kwa WhatsApp inaweza kuwa ya mwaka jana, kabla gari halijawekwa rehani, au inaweza kuwa imehaririwa jina.

Matokeo hayo yachapishe au uyahifadhi, kwa sababu utayahitaji ukiwa umesimama mbele ya gari.

Muuzaji anasita kunipa nambari ya usajili. Anasema nitaiona nikifika.

Nambari ya usajili iko nje, mbele na nyuma, na kila mtu barabarani anaisoma. Anayeificha hana sababu ya maana ya kufanya hivyo. Usiende.

Jina lililo kwenye rekodi si la mtu ninayeongea naye. Hilo lina maana gani?

Lina maana nyingi, na swali hili linastahili subira kuliko mengine yote. Kifungu cha 8 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinasema kwamba aliyesajiliwa ndiye anayechukuliwa kuwa mmiliki mpaka kinyume chake kithibitishwe. Kwa hiyo mzigo wa kueleza uko kwa muuzaji.

Maelezo ya kwanza utakayosikia ni kwamba yeye ni dalali. Udalali si kosa, na madalali wengi wa Nairobi wanaishi vizuri kwa kazi hiyo. Hata hivyo, dalali hana haja ya kupokea bei ya gari. Mwambie akukutanishe na mwenyewe ana kwa ana, akiwa na kitambulisho chake halisi, nawe ulinganishe jina na nambari ya kitambulisho na yaliyo kwenye rekodi. Dalali anayesema kwamba mwenyewe hapendi kusumbuliwa huenda ameongeza bei na hataki ijulikane, au huenda hakuna mwenyewe.

Maelezo ya pili ni kwamba alinunua gari kwa mtu mwingine na hakuwahi kulihamisha. Haya husikika sana, na mara nyingi ni ya kweli, kwa kuwa watu hukwepa ada na usumbufu. Tatizo ni kwamba mtu wa kwanza ndiye pekee anayeweza kuanzisha uhamishaji kutoka akaunti yake. Akiwa amehama, amefariki, amegombana na aliyemuuzia au anadai bado hajamaliziwa pesa, utabaki na gari unaloliendesha lakini lisilo lako. Suluhisho ni moja: aliyesajiliwa aje, ahamishe kwa muuzaji wako au moja kwa moja kwako, kabla hujalipa. Fomu zilizotiwa sahihi zamani bila tarehe hazisaidii kitu.

Ikiwa gari ni la kampuni, omba hati ya CR12 inayoonyesha wakurugenzi ni nani, pamoja na azimio la bodi linaloruhusu gari liuzwe. Ikiwa mmiliki ni marehemu, Sheria ya Urithi, Sura ya 160, hairuhusu mtu yeyote kugawa au kuuza mali yake kabla ya mahakama kutoa idhini ya kusimamia mirathi na kuithibitisha; mtoto wa kwanza, mjane au kaka mkubwa hana mamlaka hayo kwa sababu tu ndiye anayeshika ufunguo. Ikiwa mmiliki yuko ughaibuni, lazima kuwe na hati ya uwakilishi iliyosajiliwa, na zaidi ya hapo umwone mmiliki kwa simu ya video akishika kitambulisho chake. Na kama gari lilinunuliwa na mume na mke kwa pamoja, pata ridhaa ya maandishi ya wote wawili, kwa sababu Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inaitaka, na kesi za namna hii huletwa na yule ambaye hakuulizwa.

Kuna pia magari yaliyoingizwa nchini bila kulipiwa ushuru, kama vile ya wanadiplomasia, ya mashirika fulani na ya watu wenye ulemavu walioruhusiwa msamaha. Gari kama hilo likiuzwa kwa mtu asiye na msamaha, ushuru hudaiwa. Bei yake huvutia mno kwa sababu hiyo hiyo.

Nitajuaje kama gari lina mkopo?

Tazama logibuku kwanza. Gari lililonunuliwa kwa mkopo wa benki husajiliwa kwa majina mawili, la mwenye gari na la benki, na halihamishiki mpaka benki ijiondoe. Lakini si kila mkopo huonekana hapo. Tangu Sheria ya Haki za Dhamana katika Mali Inayohamishika ya mwaka 2017, mkopeshaji anaweza kusajili haki yake katika sajili ya dhamana iliyo chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara, na wewe unaweza kuitafuta sajili hiyo kupitia eCitizen. Fanya utafutaji wote wawili.

Gari lenye mkopo si gari baya. Likikupendeza, omba barua ya benki inayotaja salio lililobaki hadi tarehe fulani, ulipe salio hilo moja kwa moja katika akaunti ya mkopo, na kinachozidi ndicho kiende kwa muuzaji baada ya benki kuliachilia gari. Muuzaji anayesema umpe yeye pesa zote, halafu atamalizana na benki wiki ijayo, anakuomba umkopeshe.

Gari lina herufi za KDA. Je, hiyo inaonyesha ni jipya?

Herufi za nambari huonyesha tu lini gari lilisajiliwa Kenya. Msururu wa KDA ulianza mwaka 2020, KCA mwaka 2014 na KBA mwaka 2007. Kwa kuwa kiwango cha KS 1515 cha Shirika la Viwango, KEBS, huruhusu gari lililotumika kuingia likiwa na umri usiozidi miaka minane, gari la KDA lingeweza kuwa limeundwa mwaka 2013 na kuzunguka barabara za Japani kwa miaka kadhaa kabla ya kufika Mombasa. Uliza mwaka wa kuundwa na uulinganishe na rekodi.

Nikifika kwenye gari nitazame nini kwanza?

Nambari ya chasisi. Kabla ya rangi, viti na muziki, ifikie nambari hiyo ilikogongwa kwenye chuma. Kulingana na modeli, inaweza kuwa kwenye ukuta ulio kati ya injini na dereva, au chini ya kiti cha abiria wa mbele, mahali ambapo unafunua kipande cha zulia. Pangusa vumbi kwa kitambaa na uisome herufi kwa herufi dhidi ya rekodi. Magari yaliyoundwa kwa soko la Japani hayana nambari ndefu ya tarakimu na herufi 17. Nambari yake huanza na alama ya modeli, kama NZE141 kwa Toyota Fielder na Axio za injini ya lita 1.5 za kizazi hicho, kisha hufuatwa na tarakimu za gari lenyewe. Herufi zisizo na kina sawa, alama za msasa, rangi mpya katika eneo hilo tu, au mshono wa kuchomelea kuizunguka nambari ni sababu ya kufunga boneti na kuondoka bila malumbano. Ikiwa una wasiwasi wa wizi, peleka nambari hizo kwa polisi wa kitengo kinachoshughulikia wizi wa magari katika Idara ya Upelelezi wa Jinai, DCI, kabla ya kurudi kwa muuzaji.

Halafu gusa injini. Muuzaji aliyeambiwa utafika saa nne na unakuta injini ina moto amekunyima nafasi ya kusikia jinsi inavyowaka ikiwa baridi, na ni wakati huo ambapo moshi, mgongano wa vyuma na betri iliyochoka hujitokeza. Mwambie utasubiri ipoe, au utarudi asubuhi.

Zungusha ufunguo hadi taa za dashibodi ziwake, bila kuwasha injini. Taa ya injini na taa ya mifuko ya hewa zinapaswa kuwaka, na ya mifuko ya hewa izimike yenyewe baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, kuna mtu aliyeizima ili usiulize mifuko ilikwenda wapi baada ya ajali. Angalia pia bolti za boneti na za milango: rangi iliyobanduka kwenye vichwa vya bolti inaonyesha kwamba zimewahi kufunguliwa.

Vuta mkanda wa kiti cha dereva hadi mwisho wake. Sehemu ya ndani kabisa, ambayo hakuna anayekumbuka kuiosha, huonyesha mstari wa maji ya matope kama gari liliwahi kuzama. Tangu mafuriko ya Machi hadi Mei 2024, ambapo magari mengi yalifunikwa katika mitaa ya Nairobi, ukaguzi huu umekuwa wa lazima. Inua zulia, unuse, na utazame kutu kwenye reli za viti.

Kilomita zinazoonyeshwa kwenye dashibodi zinaaminika?

Mashine ya kuzirudisha nyuma si ghali, na mafundi wa kazi hiyo hawajifichi sana. Linganisha tarakimu na uchakavu: mpira wa pedali ya breki uliolika, usukani unaong'aa na kiti cha dereva kilichobonyea haviendi na gari linalodai kilomita 60,000. Kama muuzaji ana karatasi ya mnada wa Japani au cheti cha kusafirisha gari nje, kilomita zilizoandikwa humo haziwezi kuzidi za leo. Ikiwa gari limewahi kufanya teksi ya programu kama Uber au Bolt, limekimbia sana kwa muda mfupi. Uliza waziwazi, na uangalie alama za kibandiko cha kushikia simu kwenye kioo na dashibodi.

Fundi nimpate wapi?

Mpate mwenyewe, umlipe mwenyewe, na asiwe wa kutoka gereji aliyoipendekeza muuzaji. Tazama wanavyosalimiana: fundi na muuzaji wanaoitana kwa majina ya utani hawatakupa ripoti ya kufaa. Wasio na fundi wa kuaminika wanaweza kulipeleka gari kwa AA Kenya, chama cha wenye magari, likaguliwe na kuthaminiwa. Muuzaji anayekataa ukaguzi unaolipiwa na mnunuzi, kwa kisingizio chochote, amekujibu.

Tukutane wapi, na saa ngapi?

Mchana, siku ya kazi, mahali penye watu na walinzi, kama maegesho ya duka kubwa au kituo cha mafuta chenye shughuli. Nenda na mtu, na usibebe pesa taslimu. Ikiwezekana, mkutano mmoja ufanyike nyumbani au kazini kwa muuzaji, mahali ambapo bawabu anamjua kwa jina, kwa sababu mtu mwenye anwani ni rahisi kumpata baadaye.

Ameniambia kuna mnunuzi mwingine anayekuja saa kumi, na kwamba nitume amana ya kushikilia gari. Nifanye nini?

Maneno ni yale yale kila mara: «Boss, tuma tu elfu ishirini nikushikie, huyu mwingine ako njiani na cash.» Huyo mwingine huwa yuko njiani siku zote. Amana ikitumwa kwa M-Pesa kabla hujaliona gari au kabla hujasoma rekodi, kuirudisha ni kazi ya polisi, na mara nyingi laini iliyoipokea imesajiliwa kwa jina la mtu asiyejua lolote. Ukishalikagua gari na umiliki ukawa safi, amana ndogo iliyoandikiwa mkataba, ikitaja itarudishwa katika hali gani, ni jambo la kawaida. Kabla ya hapo, mwache huyo wa saa kumi alichukue.

Pesa nilipe lini na kwa njia gani?

Ugumu wa hatua hii ni kwamba muuzaji naye anaogopa. Akianzisha uhamishaji kabla ya kulipwa, unaweza kulikubali gari na kutoweka. Ukilipa kabla hajaanzisha, anaweza kuzima simu. Nimeona wanunuzi wengi wakiamua jambo hili kwa haya, yaani yule anayeona aibu zaidi kuonekana hamwamini mwenzake ndiye anayetangulia. Usiamue kwa haya.

Kwa gari la bei ya wastani, kaeni pamoja kwenye ukumbi wa benki asubuhi. Muuzaji afungue akaunti yake ya NTSA mbele yako, aanzishe uhamishaji kwa nambari yako ya kitambulisho, wewe uone ombi limefika kwenye akaunti yako, kisha benki itume pesa na muuzaji athibitishe zimeingia. Hapo ndipo unapokubali uhamishaji, unalipa ada yake, ambayo hutegemea ukubwa wa injini, na unapokea logibuku na funguo zote mbili. Kumbuka mipaka ya njia za malipo: M-Pesa hairuhusu zaidi ya shilingi 250,000 kwa muamala mmoja wala zaidi ya 500,000 kwa siku, na hundi haiwezi kuzidi shilingi milioni moja. Bei inayopita hapo hutumwa kutoka benki hadi benki kwa njia ya RTGS, na akaunti inayopokea iwe na jina lile lile lililo kwenye rekodi ya gari. Akikupa akaunti ya shemeji yake, rudi kwenye swali la umiliki.

Ikiwa shaka bado ipo, au bei ni kubwa, mtafute wakili. Pesa hukaa kwenye akaunti ya wateja ya wakili, naye huahidi kwa maandishi kuzitoa uhamishaji ukikamilika. Hakikisha kwamba jina lake limo katika orodha ya mawakili inayotafutika mtandaoni na kwamba ana leseni ya mwaka huu. Wakili aliyeletwa na muuzaji ni wakili wa muuzaji.

Mkataba useme nini?

Majina kamili, nambari za vitambulisho na PIN za kodi za pande zote, nambari ya usajili, ya chasisi na ya injini, kilomita siku hiyo, bei, njia ya malipo, na saa ya makabidhiano, kwa sababu ajali au kosa la barabarani lililotokea saa tatu asubuhi si la aliyepokea gari saa sita. Muuzaji atangaze kwamba gari ni lake, halina mkopo, halina kesi, na kwamba atarudisha pesa zote ikithibitika vinginevyo. Kifungu cha kuuza gari «kama lilivyo» ni cha kawaida kati ya watu binafsi, na sheria haimpi anayenunua kwa mtu asiye mfanyabiashara wa magari kinga kubwa kuhusu ubora. Ndiyo maana kasoro ambayo muuzaji amekiri kwa mdomo, au aliyokana, iandikwe.

Baada ya kulipa, kuna haraka ya uhamishaji?

Ipo. Sheria ya Trafiki hairuhusu gari kutumika barabarani zaidi ya siku 14 baada ya kubadilisha mikono bila mmiliki mpya kusajiliwa. Bima pia ishughulikie siku hiyo hiyo, kabla hujatoka kwenye maegesho: bima ya muuzaji haiji na gari, na kuendesha bila angalau bima ya mtu wa tatu ni kosa chini ya Sheria ya Bima ya Magari (Hatari za Mtu wa Tatu), Sura ya 405.

Nikigundua nimedanganywa, niende wapi?

Kama suala ni wizi, nambari bandia au muuzaji aliyejifanya mtu mwingine, nenda kituo cha polisi kilicho karibu na mlipolipana, uandikishe taarifa na upate nambari ya OB, yaani ya kitabu cha matukio cha polisi, ukiwa na mkataba, ujumbe mliotumiana na taarifa ya benki. Kupata pesa kwa udanganyifu ni kosa chini ya kifungu cha 313 cha Kanuni ya Adhabu, na adhabu yake hufika miaka mitatu gerezani. Arifu benki au kampuni ya simu dakika hiyo hiyo, kwa maana pesa ambazo hazijatolewa zinaweza kuzuiwa. Ukiwa na gari unalodhani ni la wizi, usiliuze kwa mwingine ili ujiokoe. Utakuwa umehamia upande wa pili wa kesi.

Kama suala ni kuvunjwa kwa mkataba, kwa mfano deni lililofichwa au uhamishaji anaoukwepa, na madai hayazidi shilingi milioni moja, Mahakama ya Madai Madogo ya Milimani inaweza kuyasikiliza. Sheria inaitaka itoe uamuzi ndani ya siku 60, na unaweza kujiwakilisha bila wakili. Peleka mkataba halisi pamoja na rekodi ya gari uliyoitafuta mwenyewe kabla ya kununua, ikiwa na tarehe yake.